ChunkLoadError kila tukipandisha toleo jipya

Wakuu, tunatumia Module Federation ya Webpack 5 (inaunganisha kwenye ukurasa mmoja sehemu zinazojengwa na timu tofauti). Timu ya malipo ikipandisha toleo jipya tu, wateja waliokuwa ndani tayari wakibonyeza "Lipa" wanapata ChunkLoadError (kivinjari kimeshindwa kupakia kipande cha msimbo). Wakipakia ukurasa upya mara mbili tatu, inakubali. Shida nini?

— Kashe hiyo, mkuu, yaani nakala za faili zilizohifadhiwa. remoteEntry.js ya zamani (faili yenye ramani ya vipande vya sehemu ya malipo) inaita faili zenye heshi (alama kwenye jina inayobadilika yaliyomo yakibadilika) ambazo hazipo tena kwenye seva. Iwekee Cache-Control: no-cache (kivinjari kiulize seva kwanza kabla ya kutumia nakala) hiyo remoteEntry.js tu, zenye heshi ziache zikae hata mwaka.

— Hiyo peke yake haitoshi. Aliyefungua ukurasa asubuhi bado ana ramani ya zamani iliyokwisha kupakiwa, kwa hiyo msifute faili za toleo lililopita.

— Sawa, na import() inayopakia kipande niizungushie try/catch ya kunasa hitilafu?

— Zungushia, ionyeshe "Jaribu tena", isiangushe ukurasa mzima.