UZI WA MALALAMIKO: Maonyesho ya dinosaria Malindi, fuvu moja kwa wanyama watatu!

Jamani, hapa Malindi kuna maonyesho ya dinosaria, watoto wa shule wanajazwa kwenye mabasi na kiingilio wanatozwa. Waandalizi siwataji, wenyewe watajijua. Mabango yale ni aibu.

La mlangoni: "T. rex, nguvu ya kung'ata TANI 57." Zimetoka wapi? Utafiti wa 2012 ulikadiria nyutoni (kipimo cha nguvu) 35,000 hadi 57,000. Nyutoni si kilo! Gawanya 57,000 kwa 9.8, unapata kilo 5,800 hivi, yaani tani 5.8. Mtu kafuta sifuri tatu akabandika "tani". Tena hicho ni kiwango cha juu kabisa. Hesabu nyingine ya 2017 iliishia kwenye 34,500 hivi. Na kwamba nguvu hiyo ni ya meno ya nyuma, hawakuandika, wakati hapo ndipo penye maana. Taya ni kama mkasi: kitu kigumu hukikati kwa ncha, unakisogeza karibu na msumari.

La pili ndilo baya zaidi. Spinosaurus kavishwa kichwa cha T. rex, akachorewa tanga mgongoni, basi, kazi imekwisha. Fuvu lake ni refu na jembamba kama la mamba, matundu ya pua yamerudi nyuma, meno ni ya duara kama misumari, hayana kingo za msumeno. Meno hayo ni ya kushika kinachoteleza, si ya kuvunja. Baryonyx wa ukoo huohuo, aliyechimbuliwa Uingereza 1983, alikutwa na magamba ya samaki tumboni (na mifupa ya dinosaria mchanga pia, kwa hiyo samaki hawakuwa chakula chake pekee). Na huu ni mji wa wavuvi! Hapa mtoto anajua kwamba pono anasaga matumbawe na mzia anakata nyama. Mchore pono na meno ya mzia uone utakavyochekwa.

T. rex mwenyewe, fuvu limepanuka nyuma kuipa misuli nafasi, mifupa ya pua imeungana ikawa kitu kimoja, meno ni manene kama ndizi. Ndiyo maana kinyesi kilichogeuka jiwe kutoka Saskatchewan, Kanada, kinachoaminika kuwa chake, kimejaa vipande vya mifupa.

Allosaurus naye ameandikiwa "mvunja mifupa". Hapana! Kwa hesabu ya kompyuta ya 2001, misuli ya taya zake ilitoa kama nyutoni 2,000 tu, ila fuvu lingestahimili zaidi ya mara 20 ya hizo. Meno yake ni bapa, yana kingo za msumeno: anazamisha ya juu, kisha anavuta kwa shingo nyama ichanike.

Waandalizi, anzeni na hilo la tani 57, lishusheni leo. Watoto wanalinakili kwenye madaftari.