Arosto (mateso ya mwili kukosa unga) imerudi baada ya kuanza vidonge vya TB. Mdogo wangu amerudia unga?

Dada wa Mbagala:
Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu alikula unga, yaani heroini, miaka tisa. Mwaka jana tukamwandikisha kliniki ya methadoni, ile dawa ya kuwasaidia wanaoacha unga wasishikwe na arosto, na kila asubuhi anapanda daladala kwenda kunywa dozi mbele ya nesi. Alinenepa, akarudi kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti. Wiki tatu zilizopita alikutwa na TB, akaanzishiwa vidonge zahanati ya mtaani kwetu. Kama siku ya kumi hivi nikaanza kuona yale ya zamani: miayo, makamasi, mifupa inauma, vinyweleo vimesimama, anaharisha usiku kucha. Anaapa hajagusa kete ya unga. Mama hamwamini, ameshaficha redio na simu. Mimi ndiye niliyemlea, natamani kumwamini. Anatudanganya?

Mzazi mwenzenu:
Dada, wangu aliapa kwa msahafu huku keshauza hadi masufuria. Kampimisheni mkojo.

Babu Kona:
Kumpima si vibaya, ila msianze na matusi. Dada, mtazame huo mkojo kwanza: umekuwa rangi ya chungwa? Hiyo ni rifampisini, moja ya dawa za TB. Inalichochea ini liimalize methadoni upesi, basi dozi iliyokuwa inamfikisha kesho asubuhi inakatika jioni. Mimi nilianza dozi Muhimbili 2011, mwaka ule ule kliniki ilipofunguliwa, na TB ikanikuta humo humo. Nilivumilia wiki nzima sisemi, naogopa kuambiwa nimerudia. Siku ya nane nikaenda maskani kwa wala unga, nikatumia. Nilirudi nyumbani hai kwa rehema za Mungu tu, maana mwili ulishasahau unga.

Nesi wa zamu:
Babu Kona amesema kweli tupu. Dada, kesho nenda naye kliniki ya methadoni, mbebe na kadi yake ya TB. Daktari atampandishia dozi kidogo kidogo mpaka atulie. Vidonge vya TB asiache hata siku moja. Na tafadhali sana, asijitibu kwa valiamu wala pombe: vikikutana na methadoni mtu anasinzia, pumzi inapungua, asubuhi mnamkuta amekufa. Akimaliza matibabu ya TB arudi kwa daktari tena dozi ishushwe, kwa sababu rifampisini ikishatoka mwilini kiwango kile kitamzidi nguvu.

Zahanati walijua kwamba anakunywa methadoni?

Dada wa Mbagala:
Hawakujua. Nimemuuliza sasa hivi, anasema aliona aibu, kulikuwa na majirani kwenye foleni. Na mkojo ni wa chungwa tangu siku ya pili, alidhani ni damu akatuficha. Nimelia. Nimemsomea mama majibu yenu yote, amemrudishia simu yake. Kesho alfajiri tunatoka watatu.