Sanduku la kumbukumbu la mji, tulizike au tusilizike?

Mjumbe wa kamati: Wakuu habari zenu. Mji unatimiza miaka 100 na kamati imeamua tuzike sanduku la kumbukumbu, lije kufunguliwa baada ya miaka 50. Watu washaanza kuleta barua, picha, magazeti, kuna mmoja anataka aweke simu na fleshi yenye video. Naogopa tusije tukawaachia wajukuu takataka. Wenye ujuzi tiririkeni.

Fundi Zege: Msilizike aisee. Kule Marekani, mji wa Tulsa jimbo la Oklahoma, mwaka 1957 jimbo lilipotimiza miaka 50 walizika gari jipya, Plymouth Belvedere, kwenye chumba cha zege chini ya ardhi, kuja kulifukua 2007 mbele ya umati maji yalishaingia kitambo na gari ni kutu tupu. Inauma kwa kweli. Tafuteni jengo la umma, mlijengee ukutani, juu kidogo, mbali na mabomba.

Mama Nyaraka: Simu hapana! Betri huvuja inaharibu na vya jirani, na hiyo fleshi hata ikipona nani atakuwa na kifaa cha kuisomea? Picha chapisheni, nyuma andikeni majina kwa penseli, maana picha ya watu wasiojulikana haimsaidii mtu. Magazeti yana asidi, yafungeni peke yake yasigusane na barua. Msitumie rababendi wala mifuko ya plastiki ya PVC. Sanduku liwe la chuma cha pua, na ndani mtie vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Mjumbe wa kamati: Asanteni sana, simu naitoa leo leo. Je kuna haja ya kulikagua katikati?

Msoma Historia: Ipo tena kubwa. Boston, Marekani, kuna kisanduku ambacho wapigania uhuru wa nchi hiyo, Samuel Adams na Paul Revere, walikiweka 1795 kwenye jiwe la msingi la jengo la serikali ya Massachusetts, mwaka 1855 kikafunguliwa, vitu vikahamishiwa kwenye kisanduku cha shaba, kikarudishwa. Kimetolewa 2014 wakati mafundi wanarekebisha maji yanayovuja, kufunguliwa 2015 sarafu zipo na magazeti yapo. Ila kinachopoteza masanduku mengi ni watu kusahau yalipo. Walioweka lile la kampuni ya umeme ya Westinghouse la maonesho ya New York ya 1939, la kufunguliwa mwaka 6939, yaani baada ya miaka 5,000, walichapisha kitabu cha maelekezo wakakisambaza kwenye maktaba duniani. Nyie wekeni ramani maktaba, shuleni, ofisi ya mji na kwenye nyumba za ibada, na kibao pale pale ukutani chenye tarehe ya kufungua.