Turubai badala ya hema, Lushoto hadi Mtae: la kitambaa gani na ukubwa gani?

mwendamilima

Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa saba mimi na mdogo wangu tunataka kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, tukipita Magamba na Lukozi, bila haraka, tukilala njiani. Mimi niko Morogoro, na huku Uluguru nimezoea kupanda asubuhi na kurudi jioni. Kulala huko huko ni jambo jipya kwangu.

Hema tuliloazimwa ni la watu wawili, zima kabisa, lakini kwenye mizani ya duka limesoma kilo 4 na ushee. Mdogo wangu ana miaka 16 na ndiyo kwanza ameanza kuipenda milima. Sitaki mzigo umkatishe tamaa siku ya kwanza.

Nasikia wapo wanaotembea na turubai jepesi tu, kamba na fimbo mbili. Je, la mita 3 kwa 3 linatutosha? Haya ya bluu ya dukani yanafaa au lazima la nailoni? Na kitu kisicho na kuta wala sakafu, kwenye baridi na ukungu wa Usambara, mtu analalaje? Mbu je? Naomba wanijibu waliowahi kulala humo.

Baba Wawili

Ndugu yangu, turubai ni la kufunikia mahindi. Una kijana mdogo hapo, usimfanyie majaribio. Tafuta hema jepesi zaidi, hata kwa kukodi, mlale mmefunga zipu.

Kinyonga wa Magamba

Mwendamilima, karibu sana kwetu. Mimi nimezaliwa Lukozi na kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye njia hiyo hiyo, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Baba Wawili ana haki ya kumwonea huruma kijana, lakini turubai lina historia ya heshima. Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, mwenye miaka 67 na watoto 11, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, ile njia ndefu ya milimani ya huko kwao, zaidi ya kilomita 3,000, na cha kujikinga mvua alibeba pazia la plastiki la bafuni. Kwa njia ya Lushoto hadi Mtae mimi nalipenda turubai kuliko hema, ila nina sharti moja: mahali pa kulala pachaguliwe jua likiwa bado juu. Watu wanabishana sana kuhusu kitambaa. Nimeona wageni wenye kitambaa cha bei kubwa mno wakiamka wamelowa, na vijana wa kijijini wenye plastiki ya bluu wakiamka wakavu, kwa sababu ya mahali walipofunga.

Nianze na ukubwa. Mita 3 kwa 3 inawatosha wawili na mabegi yao. Ukilifunga kama paa la migongo miwili, kamba ikipita katikati, kila upande unabaki na mita 1.5 za kitambaa. Kamba ikikaa kimo cha sentimita 90, chini mnapata upana wa karibu mita 2.4. Ukiipandisha hadi mita 1.2, upana unabaki mita 1.8 na pande zote mbili zinakuwa wima, upepo unazipiga vizuri. Watu hupenda kufunga juu ili wakae bila kuinama. Fungeni juu mkipika, na mkienda kulala teremsheni. Kwa urefu, mtu wa mita 1.8 anabakiwa na sentimita 60 kichwani na 60 miguuni, na hiyo ndiyo akiba yenu mvua ikija kwa ubavu. La mita 2.4 kwa 3 ni zuri kwa mtu mmoja. Kwa wawili, mmoja atalala kwenye matone.

Sasa mahali. Mwezi wa saba ni msimu wa kusi. Upepo unatoka baharini, unapanda milima yetu kutoka kusini-mashariki, na ndio unaoleta ule ukungu na manyunyu ya asubuhi. Kwa hiyo upande wa kusini-mashariki uteremshwe hadi uguse ardhi, na mlango uwe upande wa pili. Lakini usiifuate dira peke yake, kwa sababu mabonde yanaugeuza upepo: mchana hewa inapanda mlima, usiku inashuka. Simama hapo dakika kadhaa, rusha majani makavu uone yanakoelekea, kisha jiulize hewa itatoka wapi usiku wa manane.

Mashamba ya kabichi chini bondeni yanavutia kwa sababu ni tambarare na maji yako karibu. Msilale pale. Hewa baridi ni nzito, inatiririka na kutuama bondeni, na umande wake unalowesha kila kitu. Pandeni ubavuni mita 20 au 30 tu, mtasikia tofauti mashavuni. Chini ya miti umande ni haba kuliko mahali peupe, ila angalieni ni mti gani. Mkaratusi hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo kaeni mbali nao. Miwati na misonobari ni sawa baada ya kutazama juu kama hakuna tawi lililokufa. Na ardhi iwe na mteremko kidogo. Palipokanyagwa na ng'ombe hadi pakawa kama sahani ndipo maji yatakapokusanyika.

Kuhusu kukosa kuta: hema lililofungwa kila upande hutoa jasho. Pumzi za watu wawili zinaganda kwenye kitambaa na kudondoka alfajiri. Chini ya turubai hewa inapita, kwa hiyo shida hiyo ni ndogo sana. Baridi ni suala la chini, si la juu. Usiku wa Julai huku juu joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 au chini yake, na ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Uzito mliouokoa kwa kuacha hema, utumieni kwa mkeka mzuri wa sponji, kila mmoja wake, na blanketi la ziada la kijana. Chini ya mikeka tandikeni plastiki nyepesi, lakini kingo zake zisitokeze nje ya paa. Ikitokeza inapokea mvua na kuwaletea ndani.

Mbu huku juu mwezi huo ni wachache, lakini njooni na chandarua cha nyumbani. Kitundikeni kwa uzi kwenye ile kamba ya katikati na kukisokomeza chini ya mikeka. Kinazuia mbu, buibui, na kinamtuliza mtu ambaye hajazoea kulala bila ukuta. Wa kuogopwa ni siafu, hasa karibu na msitu wenye unyevunyevu na baada ya mvua. Kabla ya kufunga chochote zungukeni na tochi hatua kumi kila upande. Mkiona mstari wao, hata mwembamba, hameni. Majivu husaidia kwa muda, lakini hayawafanyi wabadili nia.

Mwisho, hakuna ardhi isiyo na mwenyewe huku. Ndani ya hifadhi ya Magamba mpite kwa utaratibu wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na kulipia. Nje ya hifadhi, fikeni kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya magharibi, msalimie, mseme mnakotoka. Mara nyingi mtaonyeshwa mahali pazuri kuliko mlipopaona ninyi, na pengine mtaletewa viazi.

Mkikuyu wa Kinangop

Kinyonga amesema vyema, mimi naongeza kutoka upande wa Kenya ili wasomaji wengine wasije wakachukua haya wakapeleka kila mlima. Kule Aberdare ukipita mita 3,000 miti inaisha, unabaki na nyasi za mafungu na upepo mtupu hadi kilele cha Satima kwenye mita 4,001. Hapo hakuna mahali pa kufunga kamba, usiku kuna jalidi, na msituni chini yake kuna nyati na ndovu. Mahali penye wanyama wakubwa mimi silali chini ya kitu kilicho wazi, nalala kambi iliyotengwa, ndani ya hema.

Lakini mkijikuta mahali peupe na fimbo moja tu, acheni lile paa la migongo miwili. Pigilieni upande mmoja wote wa turubai chini, ule unaokabili upepo, kwa vigingi vitatu. Simamisheni fimbo katikati ya upande wa mbele, kisha vuteni pembe mbili za mbele nyuma na chini. Mnapata nusu piramidi. Upepo unaupanda mgongo wake na kupita juu. Nafasi ni ndogo lakini haitikisiki.

Na vigingi viingie ardhini vikiwa vimeegemea mbali na turubai. Kikisimama wima au kikiinamia turubai, kamba inakichomoa udongo ukishalowa.

Cherehani Moja

Mimi ni fundi cherehani, Dar, nashona mabegi na nimeshawashonea watu maturubai ya safari. Hapa kitambaa nitakitetea kidogo.

La bluu la dukani, jembamba, mita 3 kwa 3, lina uzito karibu na kilo moja. Si baya kwa kuanzia. Ubaya wake ni kwamba halikunjiki likawa dogo, linapiga kelele usiku, na yale macho ya chuma pembeni hung'oka likivutwa. Usiyategemee. Chukua kijiwe laini, kiweke ndani ya kitambaa karibu na kona, kisokote na ufunge kamba shingoni mwake. Haking'oki. Turubai la lori ndilo la kusahau kabisa: PVC huanzia karibu gramu 500 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo lako lingepita uzito wa hema lenyewe.

Nailoni nyepesi iliyopakwa silikoni ina gramu kama 50 kwa mita ya mraba. Mita zako 9 ni gramu 450, na ukiongeza kamba na vigingi hufiki kilo. Tabia yake ni moja: nailoni ikilowa hunyonya maji kidogo na kurefuka, paa linalegea. Mnakaza tena kabla ya kulala. Poliesta iliyopakwa silikoni hailegei hivyo, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu atakayelala kwenye ukungu. Kipo pia kitambaa cha Dyneema, chepesi kuliko vyote na hakivutiki, lakini bei yake haina uhusiano na safari ya siku chache. Muulize muuzaji kiwango cha kuzuia maji, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinakihimili kabla ya kuvuja, kiwe milimita 1,500 au zaidi.

Likishonwa katikati, mshono ukunjwe mara mbili na upite sindano mara mbili, kisha uzibwe. Gundi za kawaida hazishiki kwenye silikoni. Nunua silikoni angavu ya kuzibia vioo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, si ile ya kupakwa rangi, ilainishe kwa waiti spiriti hadi iwe kama uji, paka kwa brashi kwenye mshono, liache usiku mzima. Kona zote ziwekwe kiraka cha kitambaa kizito na kitanzi cha utepe. Na lisianikwe juani mchana kutwa bila sababu, jua linakula nailoni na plastiki pia.

mwendamilima

Wakuu, sijui niwashukuru vipi. Dada yangu ana kipande cha poliesta ya aina hiyo, nitakileta kwa fundi wa hapa na maelezo ya Cherehani Moja neno kwa neno. Baba Wawili, nimekusikia, usiku wa kwanza tutalala Lushoto mjini ndani ya nyumba tuangalie hali ya hewa kwanza.

Kinyonga, swali la mwisho. Kamba: ngapi, na mafundo gani? Mimi najua fundo la viatu tu.

Kinyonga wa Magamba

Kamba nyembamba ya milimita 2 au 3, isiyovutika. Moja ya mita 10 ya katikati, inayotoka mti hadi mti. Nne za mita 2 kwa kona, na nne nyingine fupi za kati ya kona, maana upepo hupenda kuingilia hapo.

Mafundo mawili yanatosha. La kwanza ni kitanzi kisichojikaza, cha kushika mti wa kwanza. Mvuvi yeyote atakuonyesha. La pili ni lile la wafunga mizigo kwenye malori: tengeneza kitanzi kidogo katikati ya kamba, zungusha ncha kwenye mti wa pili, irudishe ipite ndani ya kitanzi, halafu vuta. Kitanzi kinafanya kazi kama kapi, kamba inakaza hadi inalia. Mwombe utingo pale stendi ya Msamvu akufundishe akiwa hana kazi, na kijana naye ajifunze, kwa sababu mvua ikianza mtahitaji mikono minne.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: maji hutembea juu ya kamba. Yakitoka kwenye mti yanafuata kamba hadi ndani, yanadondoka juu ya vichwa vyenu. Funga kipande cha uzi, kirefu kama kidole, kwenye kamba ya katikati nje kidogo ya ukingo wa paa, kila upande, kining'inie. Maji yatashuka hapo. Kabla ya kuondoka Morogoro lifungeni uani, mmwagie ndoo mbili tatu za maji kwenye mti na kwenye paa, mtazame yanakopita. Na mkifika Lukozi siku ya soko, ulizieni wauza viazi kama njia ya kwenda Rangwi ina matope. Wao wameipita alfajiri ile ile.