Naomba ushauri: hina ya bibi harusi bila piko, na asumini za vikuba

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wote wa Tanga. Bibi harusi wetu wa Ngamiani anaolewa Jumamosi, na tunataka apambwe kwa hina tupu. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, hatuitaki kabisa: nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inatoa malengelenge na kovu linaweza kubaki.

Hina yenyewe: unga gramu 100 uliochekechwa kwa kitambaa chepesi, maji ya ndimu hadi uwe uji mzito, sukari kijiko kimoja, ufunikwe usiku kucha. Ikae mkononi saa sita au zaidi, kisha ikwanguliwe bila maji. Rangi huiva siku ya pili, ndiyo maana tunapaka Alhamisi jioni. Tatizo ni joto: jasho la kiganja linalegeza maua ya hina kabla hayajakauka. Mnalizuiaje?

Pia vikuba, vile vishada vya maua yanukiayo vya kujipamba. Asumini tutazichuma zikiwa vitumba, maana zikishafunguka zinageuka kahawia upesi. Tuzifunge kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba?

La mwisho, na mimi nalipenda zaidi: bwana harusi anataka kupanda asumini uani, mkewe asikose kikuba siku za kawaida. Kipande cha tawi kiwe na vifundo vingapi?