Wakuu, nilishindwa kuongea mbele za watu hata sekunde 20, sasa napewa dakika 4 mpaka 6. Niende?

Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza, natunza stoo na mahesabu ya mzee mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kwenye simu nabishana bei na wateja wa Kongo kutwa nzima, lakini nikisimama mbele ya watu zaidi ya watano koo linakauka. Kwenye msiba wa baba mdogo niliambiwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia, nikaishia "asanteni, chakula kipo tayari". Chakula kilikuwa hakijaiva.

Jumamosi rafiki yangu kanipeleka mjini kwenye klabu ya watu wanaojifunza kuzungumza mbele za watu. Nilijua nakaa nyuma, nasikiliza somo, naondoka. Kumbe hakuna somo wala mwalimu! Mmoja ana saa na kadi tatu, kijani, njano na nyekundu. Mwingine anahesabu "yaani" na "eeh" za kila anayesimama. Mara naulizwa, mgeni, uko tayari kwa swali la papo kwa papo? Nikaona aibu kukataa. Swali: ungekuwa kivuko cha Kamanga kwa siku moja, ungewaambia nini abiria? Kadi ya kijani inanyanyuliwa ukifikisha dakika moja. Sikuiona. Sekunde 19, "yaani" 7.

Wamesema nikijiunga, hotuba ya kwanza ni ya kujitambulisha, ndiyo hizo dakika 4 mpaka 6. Je, niahirishe kwanza nisome na kuangalia video, au niende hivyo hivyo?

Wa Pasiansi: Nenda. Kuogelea hakufundishwi ukiwa umekaa Capri Point unaangalia maji.

Mleta uzi: Mkuu, nimekulia Kirumba na kuogelea sijui. Nipe mfano mwingine 😂

Jiwe la Bismarck: Hizo video nimeziangalia mwaka mzima. Siku nasoma bajeti kwenye kikao cha harusi, karatasi ilitetemeka mpaka mwenyekiti akaninyang'anya akasoma mwenyewe. Usishike karatasi laini, inakuchongea. Andika maneno matatu kwenye kikadi kigumu. Na usikariri yote, maana likipotea neno moja yanaondoka yote. Jua sentensi ya kwanza na ya mwisho tu.

Bibi wa Igoma: Mwanangu, kabla ya hotuba omba kazi ya kuhesabu "yaani". Mimi nilipewa mkutano wa pili. Nakaa na karatasi napiga vijiti, vinne wima, cha tano kinavikata. Jioni nyumbani nikajisikia namgombeza mjukuu, "yaani wewe, yaani...", nikanyamaza mwenyewe, mtoto akanishangaa. Dawa yake ndiyo hiyo hiyo: neno likitaka kutoka, nyamaza. Wewe utaona umenyamaza mwaka mzima, wanaosikiliza wataona umevuta pumzi.

Konda Mstaafu: Ulizia ada kwanza. Mimi naona hata kwaya inatosha.

Chaki Nyeupe: Konda, kwaya unasimama na wenzako thelathini, nani atakuona ukikosea? Halafu mambo haya si ya jana. Toastmasters, mtandao wa klabu za aina hiyo, walianza 1924 kule Santa Ana, California, Ralph Smedley akiwakusanya watu kwenye jengo la YMCA, na mpaka leo wanachama ndio wanaotathminiana. Ada kuulizia ni sawa, ila mgeni anaruhusiwa kuhudhuria kabla ya kujiunga. Mleta uzi, hujatuambia mtathmini alisemaje. Hapo ndipo penye faida yako.

Mleta uzi: Alisema sauti yangu inafika mpaka mlangoni, ila muda wote niliongea na feni. Ni kweli, nilikuwa nahesabu mapanga yake.

Haya, bibi, nimemtumia katibu ujumbe niandikwe mhesabu "yaani" Jumamosi hii. Hotuba wiki inayofuata. Nitaanza na kile chakula ambacho hakijaiva.