Gari la watu 8 lililokwisha kutumika: tuchague lipi, na tulikague vipi?

MamaWatano

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo mimi na mume wangu tumelijadili kwa miezi miwili bila kufikia uamuzi. Tuna watoto watano, wa kwanza ana miaka 14 na wa mwisho ametimiza mwaka mmoja hivi karibuni, na bibi yao mzaa baba anaishi nasi, kwa hiyo tukitoka pamoja tuko watu 8. Gari tulilonalo ni la watu 5. Kila tunapoalikwa mahali, ama mume wangu huenda na kurudi mara mbili, ama mmoja wetu hubaki nyumbani na baadhi ya watoto. Kupakata watoto au kuwafunga wawili kwa mkanda mmoja ni jambo ambalo sitalikubali.

Tumeamua kununua gari lililokwisha kutumika, na tunayoyafikiria ni matatu: Toyota Noah ya kizazi kilichoanza mwaka 2007, Nissan Serena, na Toyota Alphard ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza mwaka 2002. Mume wangu anaelemea Alphard kwa ajili ya upana wake, ilhali mimi naona umri wake umekwenda mno. Muuzaji mmoja alituambia kwamba gari lolote lenye viti 8 litatutosha, na kwamba tuangalie rangi na kilomita tu. Maneno hayo hayakuniingia. Akiba tuliyonayo inatosha kununua mara moja. Haitabaki fedha ya kufungulia giaboksi baada ya miezi mitatu. Naomba waliokwisha kupita njia hii watueleze ni nini hasa tukitazame.

BabaWaSafuYaTatu

Dada, hayakukuingia kwa sababu si ya kweli. Mimi nina watoto sita na nimekwisha kununua magari mawili ya aina hii. La kwanza nililinunua kwa kuhesabu viti, na mwezi haukwisha kabla sijalijutia. Mto wa safu ya tatu ulikuwa umeinuka kidogo sana kutoka sakafuni, kiasi kwamba kijana wangu mkubwa alikaa magoti yakikaribia kidevu, na nyuma ya mgongo wa kiti hicho palibaki nafasi ya mabegi mawili ya shule yaliyosimamishwa. Mizigo mingine yote ilisafiri juu ya mapaja ya watu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: viti vyote vikiwa na watu, gari limebakiwa na nini? Wauzaji huonyesha buti safu ya tatu ikiwa imekunjwa. Mwambie aikunjue, kisha ndipo ufungue mlango wa nyuma.

La pili ni viti vya watoto, na hapa nakusihi uende na tepu ya kupimia. Kiti cha mtoto hufikia upana wa sentimita 44, hivyo vitatu vikipangwa pamoja vinadai sentimita 132, na safu ya kati ya magari mengi haina nafasi hiyo baina ya mlango na mlango. Nanga za Isofix, yaani vishikio vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari, kwa kawaida zipo kwenye nafasi mbili za pembeni tu. Pia chunguza mkanda wa kiti cha katikati, safu ya pili na ya tatu, kwa sababu katika magari ya miaka ya nyuma mara nyingi huwa ni ule wa kupita kiunoni peke yake, na kiti cha kumwinulia mtoto wa miaka 8 hakifai kutumika bila mkanda unaopita begani. Ukikuta mkanda wa namna hiyo, basi nafasi hiyo ni ya mtu mzima, na itabidi upange upya nani akae wapi. Huyo mdogo wenu, kwa kanuni ya kimataifa ya viti vya watoto, R129, anapaswa kutazama nyuma angalau mpaka atimize miezi 15, na kamwe asiwekwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa.

Kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa nimesimama na mtoto mkononi: kiti cha mtoto kikishafungwa kwenye safu ya pili, kiti kile cha gari mara nyingi hakiwezi tena kuinamishwa ili watu wapite kwenda nyuma. Njia ya kwenda safu ya tatu inazibwa. Basi hakikisha upande mmoja unabaki wazi, au kuna upenyo katikati. Na msizitazame Noah zote kwa jicho moja, kwani jina ni hilo hilo lakini zipo zenye viti 7, ambazo safu yake ya pili ina viti viwili vilivyojitenga, na zipo za viti 8.

Nendeni wote wanane, bibi akiwemo. Apande mwenyewe, ashuke mwenyewe, mumtazame anashika wapi.

FundiChesisi

Mwenzangu amelieleza vizuri suala la viti. Mimi nitaongeza lile ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, nalo ni uzito. Kila gari lina uzito wake likiwa tupu na uzito wa juu linaoruhusiwa kufikia likiwa limepakia, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ruhusa yenu. Kwa magari ya abiria yaliyosajiliwa Japani, uzito huo wa juu huandikwa kwa kuhesabu kilo 55 kwa kila kiti, hivyo gari la viti 8 hupewa kilo 440 na mizigo haikuhesabiwa kando. Tufanye watu wazima watatu wana kilo 215 na watoto watano kilo 138. Ukijumlisha viti vya watoto, kilo 25 hivi, umefika 378. Zimebaki kilo 62 kwa kila kitu kingine mtakachobeba. Ndiyo maana nasisitiza matairi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu 4 zinazoonyesha lilitengenezwa lini, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na karibu na alama ya ukubwa kuna namba ya uwezo wa kubeba: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 95 ni kilo 690. Linganisheni na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mwenye gari akifunga matairi ya bei nafuu yenye namba ndogo, macho hayatakuambia.

Kuhusu magari yenyewe, Noah hiyo na Serena za tangu mwaka 2005 zina giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Si giaboksi mbaya, lakini inadai oili yake maalumu, na aliyewahi kuijaza oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida ameiumiza, hata kama gari bado linatembea. Alphard ya lita 2.4 ina giaboksi ya gia 4 na cheni ya taimingi, ile inayofungua na kufunga vali za injini kwa wakati wake. Ile ya lita 3.0 ina mkanda wa taimingi badala ya cheni, ambao kama hakuna karatasi ya kuthibitisha ulibadilishwa lini, hesabuni kuwa haujabadilishwa. Injini ya 2.4 nayo ichunguzwe kama inakula oili: vuteni kijiti cha kupimia kabla ya kuwasha, kisha mtu asimame nyuma ya gari wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani.

Umri peke yake haunitishi, dada. Afadhali Alphard ya 2005 iliyotunzwa kuliko Noah ya 2010 isiyo na hata karatasi moja ya huduma.

Magari haya yana maradhi yake ya kipekee pia. Washeni kiyoyozi cha mbele na cha nyuma kwa pamoja kwa dakika 15, mmoja wenu akikaa safu ya tatu na mkono kwenye tundu la hewa, kwa sababu mabomba ya kiyoyozi cha nyuma hupita chini ya gari, ambako hupata kutu na kutoboka. Fungueni na kufunga milango ya kuteleza mara kumi kila mmoja. Ule wa umeme ukisitasita au ukirudi nyuma wenyewe, waya wake au mota imechoka. Mwisho inueni zulia la safu ya tatu na lile la chini ya tairi ya akiba. Kutu, tope kavu au harufu ya uvundo pale ni dalili kwamba gari liliingia maji, na hilo liacheni hata likishushwa bei kiasi gani.

DerevaWaMbali

Kwa nini msifikirie Toyota HiAce? Nafasi ni kubwa, watu 8 na mizigo yao wanaingia bila kubanana.

BabaWaSafuYaTatu

Iliyotoka kiwandani ikiwa ya abiria, sawa. Lakini nyingi zilijengwa za mizigo, kisha zikafungwa viti mitaani, na nimeona kwa macho yangu kiti kilichoshikiliwa kwa boliti nne kwenye bati jembamba la sakafu bila kuimarishwa. Mkanda uliofungwa kwenye kiti kama hicho haumlindi mtoto, kwa sababu gari likigonga, kiti chenyewe kinang'oka na mtoto akiwa ndani yake.

MamaWatano

Nawashukuru sana. Jumamosi tulikwenda wote wanane. Serena tuliiacha, kwa kuwa mkanda wa katikati nyuma ulikuwa wa kiunoni na zulia lilikuwa na unyevu. Alphard ilikuwa ya lita 3.0 na muuzaji hakuwa na karatasi yoyote ya mkanda wa taimingi. Noah imetupendeza kuliko nilivyotarajia: mama mkwe alipanda kwa mguu wake, akashika mpini ulioko nguzoni na kukaa bila kusaidiwa. Binti yangu mkubwa alikaa nyuma kabisa nusu saa nzima bila kunung'unika, na kiti cha mdogo kilifungwa upande wa kushoto huku njia ya kulia ikibaki wazi. Kuna kasoro moja tu. Tulipoiendesha sote tukiwa ndani, kwenye mlima ilitetemeka kidogo mwendo ukiwa mdogo, kisha ikatulia. Muuzaji anasema ni oili ya giaboksi tu. Nimwamini?

FundiChesisi

Huenda ni oili, huenda ni mkanda wa chuma ulioko ndani ya CVT, na kwa kutazama nje hakuna anayeweza kujua. Kama anaamini ni oili, aibadilishe yeye kwa gharama yake, fundi wenu akiwepo, iwekwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili ya zamani ipokelewe kwenye chombo safi na sampo, yaani bakuli la oili lililoko chini ya giaboksi, ifunguliwe. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida. Kisha mrudie mlima ule ule mkiwa wote wanane, injini ikiwa imepata moto. Ikitetemeka tena, au akikataa kubadilisha, msiitolee hata malipo ya awali.